Kofia Iliyochongwa Jiweni

Sehemu ya kumi na moja

Kidole cha Vaneni bado kilikuwa juu ya ile kofia. Hapo ndipo tulipomwacha, msomaji, na hapo ndipo tunapomkuta: amepiga magoti katika banda la mchongaji, vumbi jekundu la jiwe limemjaa kwenye gauni, na damu imemkimbia usoni.

Kama gazeti la juma lililopita lilikupita, habari ni hii. Sevada, bwana wa ngome ya Horbak, aliitwa na Watatari kwenda vitani, maana siku hizi wakuu wa Armenia huenda wanakotumwa. Alikwenda na mdogo wake, Tornik. Akarudi Tornik peke yake.

Tornik alisema hivi: tulipigana vizuri, jemadari wa Kitatari akamtunuku kaka joho na kofia, tukashika njia ya nyumbani, na kwenye kivuko cha mto Kura maji yakamchukua. Yeye, upanga wake, joho lake na kofia yake. Hakikubaki hata kifungo cha kuzika.

Kwa hiyo Sevada hana kaburi, ana jiwe. Jiwe la msalaba, refu kupita mtu, limechongwa likachongeka mpaka ukadhani ni kitambaa cha kufuma. Chini ya msalaba amechongwa mwenyewe juu ya farasi, kwa sababu shujaa wa nchi hii hawekewi msalaba mtupu.

Leo hii, kabla jua halijafika utosini, padri atalipaka mafuta. Kabla ya mafuta ni jiwe tu, hata mbuzi anaweza kujikuna nalo. Baada ya mafuta ni msalaba, na hakuna wa kulirudisha nyuma. Sevada atakuwa amekufa mbele ya Mungu na mbele ya watu, na Vaneni atakuwa mjane. Na Tornik ameshaomba kwa Watatari apewe mjane huyo, maana kwao mke wa kaka humwendea mdogo.

Sasa turudi kwenye kofia.

Ilikuwa kofia ya Kitatari, ukingo umekunjwa juu, masikio mawili yananing'inia mashavuni. Sikio la kushoto zima. La kulia limekatwa. Halikuvunjika, limekatwa: mkato wa mshazari, na nyuzi za pindo zimechongwa zikining'inia moja moja.

"Fundi Barsegh!" aliita. "Njoo hapa."

Mchongaji alikuja akitafuna mkate. Kipara chake kilikuwa chekundu kwa vumbi kama kichwa cha jogoo.

"Bi Vaneni, usiguse hapo, bado sijapasugua."

"Hili sikio umelivunja?"

"Nivunje? Mimi?" Barsegh alijishika kifua. "Mama yangu alikufa akisema Barsegh anakunywa, Barsegh halipi, Barsegh haoi. Hakuwahi kusema Barsegh anavunja."

"Basi kwa nini limekatwa?"

"Kwa sababu limekatwa."

"Barsegh!"

"Bi mkubwa, mimi nachonga ninachokiona. Niletee mbuzi wa pembe moja, nachonga pembe moja. Mzee mmoja wa kijiji cha chini alitaka nimwondolee kibyongo. Nikamwambia, baba, kwa Mungu utafika nacho hicho hicho."

"Kwa hiyo uliiona kofia."

Mchongaji aliacha kutafuna.

"Kofia iliyozama na mume wangu," alisema Vaneni. "Wewe uliiona wapi?"

"Nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Nilidhani nyumba nzima mnajua, na mimi ndiye sitakiwi kuuliza."

"Nani aliileta? Tornik?"

"Bwana Tornik hata mlangoni hapa hajafika. Vumbi litamchafulia viatu." Barsegh alitazama nje, akashusha sauti. "Aliileta mama mkwe wako. Imefungwa kwenye kitambaa cha mkate. Akakaa pale kwenye gogo, akaishika mkononi mpaka nikamaliza. Hakunipa hata niiguse. Akasema, 'Ichonge ilivyo, Mtatari akija aitambue.' Kisha akaondoka nayo."

"Ilikuwa na alama ya maji?"

"Kavu kama koo langu. Ila..."

"Ila nini?"

"Kwa ndani, pale palipokatwa, palikuwa na kitu cheusi kimeganda. Hicho sikukichonga." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Jiwe halina rangi ile."

Vaneni hakungoja zaidi. Alipanda ngazi za ngome kama anayefukuzwa.

Bibi Mamkan alikuwa jikoni, amekaa sakafuni kando ya tanuri la shimo, anabandika mkate wa sherehe. Huyu ndiye mama wa Sevada na Tornik. Amezika mume na kaka, na katika nyumba ile hata paka huomba ruhusa kwake kabla ya kulala. Wanawake walikuwa wamemzunguka, wanakanda na kusengenya.

"Mama," alisema Vaneni mlangoni. "Kofia ya Sevada iko wapi?"

Mikono yote ilisimama kwenye unga.

Bibi Mamkan hakuinua kichwa. "Nendeni mkaangalie kama kondoo wa sadaka ameshalishwa chumvi."

"Sote, mama?"

"Kondoo mkaidi yule. Nendeni nyote."

Walitoka wakisukumana, kila mmoja akitaka awe wa mwisho ili asikie. Bibi Mamkan alingoja mpaka kandambili ya mwisho iliponyamaza uani.

"Barsegh ana mdomo mpana kuliko tanuri hili," alisema.

"Limesema jiwe, si Barsegh. Mama, Sevada alikufaje?"

"Hajafa."

Vaneni alitaka kuketi.

"Usikae!" Bibi Mamkan alimkemea. "Wanachungulia wale. Shika unga. Kanda. Mtu anayekanda hana habari."

Vaneni akashika unga. Alikanda kwa nguvu; unga hausemi.

"Hakuzama," alisema bibi, na huku mkono wake ukiingia na kutoka tanurini. "Alikimbia. Walipofika njia panda ya milimani aligeuza farasi, akaitupa kofia ya Watatari chini, akaenda kujiunga na waasi wa Georgia. Unajua hiyo maana yake nini?"

Vaneni alijua. Bonde la pili lilikuwa na bwana wake, na mtoto wa yule bwana alikimbia jeshi la Watatari. Leo bonde la pili lina nyasi nzuri sana na halina mtu.

"Kwa hiyo nikasema mwanangu amekufa majini," aliendelea bibi. "Nikasimamisha jiwe. Jemadari Bukadai anakuja leo kuliona. Ataona kofia aliyomvika kwa mikono yake mwenyewe. Atamwona mke akiliosha jiwe. Atarudi zake amesadiki kuwa Sevada alikufa mtu wao. Bonde litapona, na Sevada huko aliko atapumua."

"Na mimi?"

"Wewe utalia kama wajane wanavyolia."

"Halafu nipewe Tornik."

"Tornik si mtu mbaya akiwa ameshiba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungelia vibaya. Anayejua na asiyejua hawalii sawa, na Mtatari si mjinga."

Vaneni alikanda. Furaha ilikuwa inampanda kifuani, Sevada yu hai, Sevada yu hai. Lakini nyuma ya furaha kulikuwa na kitu kinakwaruza, kama panya nyuma ya ubao.

"Nani alimwona akikimbia?"

"Tornik."

"Tornik na nani mwingine?"

"Tornik."

"Na kofia aliileta nani?"

"We mwanamke, umekuja kukanda au kunihukumu?"

"Mama. Mtu akitupa kofia chini, sikio hukatika?"

"Farasi aliikanyaga."

"Farasi hana makali. Na damu iliyoko ndani, hiyo nayo ni ya farasi?"

Mkono wa Bibi Mamkan ulisimama ndani ya tanuri. Mkate ulimponyoka ukaangukia kwenye makaa, ukawaka.

"Uliishika mkononi muda wote ule mbele ya Barsegh," alisema Vaneni. "Hukuiona?"

Bibi alitoa mkono. Vinyweleo vya mkono vilikuwa vimeungua na hakujali.

"Niliiona," alisema. "Nikaamua sijaiona. Wote wawili ni wanangu, Vaneni. Mmoja akiniambia mwenzake yu hai, unataka nimwambie anadanganya?"

 Vaneni alitoka na unga mikononi.

Na uani akakutana na nani? Na Tornik mwenyewe, amejipaka mafuta kwenye nywele, amevaa joho la hariri, anavunja kokwa za jozi kwa meno.

"Shemeji! Unga mpaka kwenye nyusi. Bwana harusi akikuona hivi atakimbia."

"Leo ni msiba."

"Leo ni msiba, sawa. Kesho siyo leo."

Vaneni alimtazama. Sura ya Sevada, lakini kama imechorwa na mtu mwenye haraka. Akaamua kumjaribu.

"Tornik, kule kivukoni. Kofia ya kaka yako uliiona?"

"Niliiona. Ilielea kidogo, ikazama." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nililia kama mtoto."

"Ilikuwa nzima?"

Jozi haikuvunjika. Tornik aliitoa mdomoni, akaitazama, kisha akamtazama yeye.

"Swali gani hilo?"

"La mjane."

"Umeongea na mama."

"Nimekanda mkate na mama."

Alimsogelea karibu, na harufu ya mafuta ya nywele ikamfika kabla yake. Bado alikuwa anatabasamu, kwa sababu wanawake walikuwa wanatazama kutoka kwa kondoo.

"Sikiliza, shemeji. Nyumbani humu kuna hadithi mbili. Moja ya watu wote, ya maji. Nyingine ya mama, ya milimani. Zote zinaishia kwenye jiwe lile. Usitafute ya tatu."

"Ipo ya tatu?"

"Osha jiwe," alisema Tornik. Akaitia jozi mdomoni, na safari hii ikavunjika.

Msomaji, hebu kaa mahali pa mwanamke huyu. Ukikataa kuliosha jiwe, Mtatari atauliza kwa nini. Akiuliza kwa nini, atajua kuwa kuna mtu amekimbia, na moshi utakaopanda bondeni hautakuwa wa mikate. Ukiliosha, umemzika mume aliye hai, na umeingia kitandani kwa mtu ambaye huenda ndiye aliyemwaga ile damu. Na mume mwenyewe, yu hai kweli? Maana anayesema yu hai ni yule yule aliyesema amekufa.

Jua lilipokuwa linakaribia utosini, jiwe lilikuwa limeshaburutwa na mafahali mpaka juu ya mashamba ya zabibu, karibu na kanisa, likasimamishwa uso wake ukielekea magharibi. Watu walikuwa wamejaa, wavunaji wa zabibu na vidole vyao vya zambarau. Padri Yeznik, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alikuwa na kichupa cha mafuta mkononi. Kondoo alikuwa ametulia, amelishwa chumvi, amebarikiwa, hajui lolote. Mwenye raha pale alikuwa yeye peke yake.

Kisha vumbi likaonekana njiani. Bukadai amefika.

Alikuja na wapanda farasi wake, mtu mnene mwenye macho ya usingizi, anatafuna nyama kavu. Nyuma yao kulikuwa na nyumbu, na juu ya nyumbu kulikuwa na kitu kimefunikwa blanketi la sufu. Kitu hicho kilikuwa na miguu miwili ya mtu.

"Mgonjwa wangu," alisema Bukadai alipoona watu wanatazama. Kiarmenia chake alijifunza kwa wauza divai, kwa hiyo kilikuwa kifupi na cha kutukana. "Msimjali. Jiwe liko wapi?"

Alishuka, akalikaribia, akachuchumaa mbele ya mpanda farasi. Akacheka.

"Kofia yangu! Nilimvika mimi." Kidole kinene kikatelemka. "Sikio nani kalikata?"

Barsegh akarudi nyuma hatua moja.

"Mchongaji, bwana," alisema Bibi Mamkan haraka. "Ni mzee. Mkono wake unatetemeka."

Barsegh alifungua mdomo. Aliufunga. Katika maisha yake yote hakuwahi kutoa sadaka kubwa kama ile.

"Mkono unaotetemeka," alisema Bukadai, "umekata vizuri sana." Akasimama. "Haya, padri. Fanya mambo yako."

Padri Yeznik aliita kwa sauti iliyofika upande wa pili wa bonde. "Jiwe hili ni la nani?"

Desturi ni kwamba mke ndiye hujibu. Vaneni alisogea mbele. Kushoto kwake alisimama Tornik, mkono kwenye mkanda. Kulia, mama mkwe, uso kama lile jiwe. Chini, moshi wa matanuri ulikuwa unapanda polepole kutoka kila nyumba, na mtu fulani huko alikuwa anamwita ng'ombe wake kwa jina.

"Ni la Sevada, mume wangu," alisema.

"Yuko wapi Sevada?"

Ng'ombe aliitikia huko chini.

"Amekufa."

Akachukua maji, akaliosha jiwe kuanzia juu: msalaba, majani, mizabibu, farasi. Akachukua divai. Divai ikatiririka kwenye ile michongo, ikajaa katika kila tundu, ikamlowesha mpanda farasi mpaka kwato. Vaneni hakulia. Wanawake nyuma wakamlilia wao.

Padri akachovya kidole katika mafuta.

"Subiri," alisema Bukadai.

Kidole cha padri kikaning'inia hewani.

"Mwanamke huyu amesema mumewe amekufa. Nyote mmesikia?" Watu walinung'unika kwamba wamesikia. "Vizuri. Kwa sababu mimi nina mtu anayesema yeye ndiye Sevada."

Akaashiria kwa kidole. Askari wakalivuta lile blanketi.

Mtu aliyekuwa juu ya nyumbu alikuwa mifupa na ndevu. Shingo yake ilikuwa imefungwa vitambaa, kichwa kimeegemea upande mmoja kama mti uliopigwa na upepo. Wakamshusha, wakamsimamisha mbele ya jiwe.

Vaneni alimjua kwa miguu. Kabla ya uso, kabla ya macho, alijua jinsi miguu ile inavyosimama, wa kulia mbele kidogo. Aliuma ulimi wake mpaka akahisi ladha ya chuma.

"Nisikilizeni vizuri," alisema Bukadai, akitafuna. "Kama huyu ndiye Sevada, basi nyumba hii imenifanya mjinga, na mimi huchoma nyumba zinazonifanya mjinga. Kama siye, basi ni tapeli, na tapeli namkata hapa hapa. Rahisi." Akamgeukia mgonjwa. "Haya, wewe. Ndiwe Sevada?"

Mtu yule alilitazama jiwe, akaitazama divai inavyodondoka. Akamtazama Vaneni kwenye mikono yake iliyolowa mpaka viwiko, na macho yake hayakuonyesha lolote.

"Sevada amekufa," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Jiwe lake si hili hapa?"

Moyo wa Vaneni ulipasuka vipande viwili. Anatuokoa, aliwaza. Amesikia habari ya moto, anajitoa yeye bonde lipone.

"Basi ni tapeli," alisema Bukadai kama mtu aliyechoka. Akachomoa upanga, akaugeuza, akampa Tornik mpini. "Bwana mdogo, ni jina la kaka yako limechezewa. Kata wewe."

Tornik aliupokea.

Aliupokea upesi mno. Bibi Mamkan aliona. Kila mtu aliona.

"Tornik," alisema mama. "Rudisha huo upanga."

"Tapeli tu, mama."

"Tornik! Mtazame usoni!"

"Nimeshamtazama," alisema Tornik, na alikuwa bado anatazama chini. Akapanua miguu. Upanga ukapanda.

Vaneni hakuwaza. Kama angewaza, angeuona moshi wa mikate, angemkumbuka yule anayemwita ng'ombe wake. Alijikuta yuko kati ya makali na shingo ile yenye vitambaa, mikono ameinyoosha.

"Huyu ni mume wangu! Nimedanganya mbele ya jiwe, mimi, kwa mdomo wangu. Bonde halijui lolote. Nichukue mimi, uwaache!"

Hata kondoo aliinua kichwa.

Bukadai alimfuata Tornik, akamnyang'anya upanga kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu cha jikoni. Akaurudisha alani.

"Najua," alisema.

"Unajua?" aliuliza Bibi Mamkan.

"Mama, nimekula nyama na huyu kutoka sufuria moja msimu mzima wa vita. Nilimvika kofia mimi. Unadhani sura yake siijui?" Akatema gegedu. "Nilitaka kuona nani hapa atasema kweli, na nani atapokea upanga."

Askari wawili walishasimama nyuma ya Tornik, bila kuitwa.

"Wachungaji walimwokota njiani," aliendelea Bukadai. "Hakuwa amekimbia, wala hakuwa amezama. Alikuwa anarudi nyumbani. Mtu alimjia kwa nyuma na kisu, hapa." Akajigusa chini ya sikio la kulia. "Kofia ilizuia kidogo. Kofia zetu ni nzuri."

Bibi Mamkan alimgeukia mwanawe mdogo.  Alimtazama tu, na Tornik akakuta kuna jambo muhimu sana la kuangalia kwenye viatu vyake.

Vaneni alishusha mikono yake. Imekwisha, aliwaza. Imejulikana. "Ni yeye," alisema akimnyooshea Tornik kidole chenye divai. "Muulize mume wangu. Atakwambia ni yeye!"

"Nilishamuuliza," alisema Bukadai. Na macho yake ya usingizi, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, yalikuwa macho kabisa. "Hakumwona aliyemchoma, ilikuwa kwa nyuma. Lakini alimsikia. Mtu yule, kabla hajachoma, alimnong'oneza jina la aliyemtuma."

"Jina gani?"

"Ndiyo maana nimemleta. Nilitaka nione uso wako akilitaja. Umesema kweli leo, umejitia kwenye upanga, na mimi sasa sielewi. Muulize mwenyewe."

Vaneni akageuka. Alitarajia kukuta macho ya mtu aliyeokolewa. Alikuta macho yale yale yaliyomtazama mikono tangu mwanzo, na sasa ndipo alipoelewa kwamba Sevada alipojikana mbele ya jiwe hakuwa anamlinda mtu yeyote: alikuwa anampima yeye.

Nyuma yake alimsikia Tornik akishusha pumzi, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Salamu zako zilinifika, Vaneni," alisema Sevada. "Majibu nimeyaleta mwenyewe."